Muuza Maji Chini ya Tao

Şeyhmus akiita, mtu alitoa nje hata sufuria ambayo bado anaipikia. Alikuwa mnunua vikuukuu hapa kwetu Soko la Wanawake, na kila asubuhi alisukuma mkokoteni wake kutoka mteremko wa Zeyrek hadi chini ya Tao akipaza sauti, "Vikuukuuu! Vyuma, mabati, majiko yaliyochoka! Vikuukuuu!" Ile "uuu" ya mwisho ilipanda ukutani, ikajizungusha ndani ya mawe, ikarudi imenenepa. Mimi ilinikera. Ukumbi wangu wa gemu hufungwa usiku mkubwa, na asubuhi ndiyo nafasi yangu ya kulala.

"Şeyhmus!" nilikuwa nikimpigia kelele dirishani. "Siku moja nitakumwagia maji ya moto!"

"Mwaga, Dada Zübeyde," alijibu bila kusimama, "ila ukimaliza unitupie na birika."

Tao ndilo jina letu la ule ukuta mrefu wa matao juu ya matao, ambao wafalme wa kale waliujenga kuleta maji Istanbul kutoka misituni. Maji yalikauka zamani. Sasa magari hupita chini yake na njiwa hulala juu yake, na sisi tunaoishi pembeni hatuutazami ila mvua ikinyesha tukatafuta pa kujificha.

Karibu wote sokoni tumetoka Siirt, kule mashariki. Şeyhmus alikuja na kaka yake mkubwa, Kerim, wakiwa vijana wenye godoro moja. Kerim akafungua duka la nyama ya shimoni: mwanakondoo huteremshwa mzima ndani ya shimo la makaa, mfuniko ukazibwa kwa udongo, na alfajiri nyama hutoka imelainika kiasi cha kukatwa kwa kuitazama. Mtu mkubwa, Kerim, mwenye mikono ya kuni na maneno machache. Şeyhmus alikuwa kinyume chake: mwembamba, mwenye domo, hana tabia ya kukaa nyuma ya meza. Alimwoa Hediye, na Mungu hakuwapa mtoto. Kerim alimpata mmoja tu, Veysi, na kijana huyo alikula kwa baba yake akalala kwa baba yake mdogo. Kilichomvuta huko ni njiwa.

Şeyhmus alifuga wale njiwa wa kupinduka, ambao hupanda hadi huwaoni, kisha hujiachia wakaanguka wakijigeuzageuza, na karibu na paa hujishika tena. Kwa Kerim huo ulikuwa upuuzi wa watu wasio na kazi. Kwa Veysi hakukuwa na kitu kingine duniani. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ndevu zimeanza, na bado alitembea na punje za mtama mfukoni.

Siku moja ya baridi, jike mmoja mweupe mwenye mkia mweusi, ambaye Şeyhmus alimpenda kuliko meno yake, alitua juu ya Tao akakataa kushuka. Mawe yalikuwa na barafu. Şeyhmus alipiga mluzi, akatingisha kopo la mtama, akatukana, wapi. Mwisho akasema, "Veysi, wewe mwepesi, nenda kaniletee yule mwanamke." Zamani upande wa Zeyrek ukuta ulipandika. Sote tulikuwa tumewahi kupanda tukiwa na akili changa. Veysi alipanda akicheka, akafika juu, akanyata, akanyoosha mkono. Njiwa akaruka. Veysi naye akaanguka barabarani, na hakujigeuza hata mara moja.

Yule njiwa alirudi mwenyewe bandani jioni ile, wakati maiti iko bado hospitali.

Kwetu, kabla ya jeneza kubebwa, imamu huwageukia watu na kuuliza, "Mnamhalalishia haki zenu?" na watu hujibu, "Halali yake." Na aliye hai, akihisi safari imefika, au hata akiwa anakwenda mbali tu, huwaomba watu wake kwa mdomo wake mwenyewe: nihalalishie. Asiyehalalishiwa huondoka na mzigo, na mzigo huo haupokewi na mtu njiani. Basi siku ya kumzika Veysi, imamu alipomaliza kuuliza na sote tukajibu, Kerim aligeuka akamtafuta mdogo wake katikati ya watu.

"Wewe," alisema. "Haki yangu kwako si halali. Si leo, si siku ya kufufuliwa."

Imamu alimshika mkono. Kerim aliutoa mkono wake taratibu, akaenda kubeba mwanawe.

Tangu hapo ndugu wawili waliishi soko moja bila kusemezana. Njiwa wote Şeyhmus aliwagawa. Yule jike mweupe alimpeleka ng'ambo ya bahari akamwacha kwa mtu, njiwa akarudi. Akampeleka mbali zaidi, akarudi. Ikabidi amweke, akamlisha mpaka akafa kwa uzee, lakini hakumrusha tena. Na kila asubuhi, mkokoteni ulipokaribia duka la Kerim, ile sauti ilikatika. Alipita pale mlangoni kimya, kichwa chini, magurudumu yakilalamika peke yake, na akishavuka duka la asali ndipo alipoanza tena: "Vikuukuuu!" Sisi tulizoea. Mgeni akiuliza kwa nini mnunua vikuukuu ananyamaza pale pale penye watu wengi, tulimwambia ale nyama yake.

Mke wa Kerim hakuuweza ule ukimya wa nyumbani, akarudi Siirt kwa ndugu zake, akafia huko. Kerim akabaki na shimo lake. Jambo lingine tulilizoea pia: hakutazama juu. Duka lake liko hatua chache kutoka kwenye Tao, na akitaka kuvuka barabara alizunguka mbali ili asipite chini yake.

Miaka mingi baadaye wakaja vijana kutoka nje wanaotengeneza gemu. Walikuwa wanaujenga mji wetu wa zamani za masultani, na walitaka sauti za sokoni. Walimsikia Şeyhmus asubuhi ya kwanza tu, wakamkimbilia. Kwa kuwa ukumbi wangu uko chini ya ardhi na hauna kelele, waliukodi, wakatundika mablanketi ukutani, wakamsimamisha mbele ya kipaza sauti. Walikuwa na binti mkalimani, mtoto wa mjini, mwenye haraka.

"Wewe utakuwa muuza maji chini ya Tao," alimwambia. "Ita maji."

"Majiii!" aliita Şeyhmus. "Maji baridi, maji ya mlimani! Majiii!" Glasi zangu zililia kabatini. Wale vijana walitazamana kama waliookota dhahabu.

Wakamtaka acheke, akacheka. Wakamtaka amtukane mtu aliyemwagia ndoo, na hapo hakuhitaji kuombwa mara mbili. Nilimwomba mkalimani asitafsiri yote.

"Sasa umechomwa kisu," yule binti alisema. "Kufa."

"Nife vipi?"

"Vyovyote. Piga kelele. Gumia."

"Binti yangu, mtu mzima akifa hapigi kelele kama mbuzi."

Hediye alikuwa amemletea chakula na alikuwa amesimama pale mlangoni na sufuria. Akatema mate pembeni. "Kifo hakiitwi kwa kuigiza," alisema. "Şeyhmus, twende zetu nyumbani."

"Ni mchezo tu, mke wangu." Alijaribu kupiga kelele. Ilikuwa kelele mbaya, ya mtu aliyejikanyagia msumari, na sote tulicheka, hata yeye. Wakamwambia arudie. Akavua kofia. Akafumba macho hadi nikadhani kasinzia kwa joto la yale mablanketi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia mkokotenini:

"Nihalalishie, kaka."

Mzungu aliyevaa vidude masikioni akainua kidole gumba. Hata maana hakuuliza. Hediye aliweka sufuria chini, akatoka bila kuaga, nami nikadhani ni ile hofu ya kuita kifo. Akili yangu wakati mwingine huja imepanda punda.

Gemu lilipotoka, aliyelileta ukumbini ni Sıtkı, dereva wa teksi wa miaka arobaini na tumbo la miaka sitini, ambaye huja kucheza kila mchana badala ya kutafuta abiria. Wewe mchezaji ni jasusi wa sultani, unaruka paa kwa paa, na karibu na Tao kuna yule muuza maji. Sura si yake, ndevu si zake, lakini sauti ni yake yote. Siku ya kwanza tu Sıtkı akamchoma kisu ili amwibie ndoo.

"Dada Zübeyde!" aliita. "Njoo usikie! Şeyhmus kafa huku anaomba radhi!"

Tulicheka mpaka machozi. Ikawa mchezo ndani ya mchezo: kila aliyekuja ukumbini, kabla ya kumsaka msaliti wa sultani, kwanza alikwenda kumwua Şeyhmus. Mwenyewe alipopita na mkokoteni, walimwuliza, "Leo umeuawa mara ngapi?"

"Mara tisa tu," alijibu. "Soko baya."

Alikuja mara moja kujitazama. Alikaa nyuma ya Sıtkı na glasi ya chai, akasikia sauti yake ikiuza maji, akasikia ikifa. Hakucheka. Akauliza tu, "Nikifa hapo, yule aliyeniua huwa anajibu nini?"

"Hajibu kitu," Sıtkı alisema. "Anachukua ndoo anaondoka."

"Haya," alisema Şeyhmus, akamaliza chai yake.

Kisha likaja koo. Kwanza sauti ilikwaruza, naye akala asali. Ikazidi kukwaruza, akala asali zaidi, kwa sababu wanaume wa kwetu wana dawa moja tu. Alipofika kwa daktari, uvimbe ulikuwa umeshika koromeo lote. Wakalitoa, wakamwachia tundu shingoni la kupumulia, ambalo Hediye alilifunika kwa kitambaa cheupe cha kusuka. Walimpa na kimashine cha kubandika shingoni ili aseme. Alikijaribu mara moja, kikatoa mlio wa redio iliyoangukia majini, akakiweka rafuni na hakukigusa tena. Alisukuma mkokoteni akigonga kikaango kwa kijiko. Watu walimpa vyombo kwa huruma, na nilijua alivyoichukia huruma hiyo. Mimi nililala asubuhi zote nilizotaka, na sikuzifurahia.

Majira ya baridi yaliyofuata ugonjwa ulirudi, ukashuka kifuani. Daktari akamwambia Hediye amlishe anachokitaka. Anachokitaka hakikuwa chakula. Hediye alikwenda kwa Kerim, akasimama mbele ya meza ya nyama mbele ya wateja.

"Shemeji, ndugu yako anaondoka. Anataka umhalalishie."

"Ana miguu?" Kerim aliuliza bila kuacha kukata.

"Bado anayo."

"Basi aje mwenyewe. Haki ya mtu huombwa kwa mdomo, haitumiwi mjumbe."

Aliyasema hayo anajua fika kwamba mdomo wa ndugu yake hauna kitu ndani. Hapo ndipo nilipomkasirikia Kerim, na hata leo, nikiandika haya, hasira hiyo haijaniisha. Uchungu wa mtoto naujua, nami nimezika. Lakini uchungu si leseni.

Şeyhmus alikuja. Ilikuwa saa ya chakula, duka limejaa, na mimi nilikuwa kwenye foleni. Alikuwa ameshikwa na Hediye upande mmoja na ukuta upande wa pili. Alisimama pale mlangoni ambapo miaka yote hiyo alipita amefunga mdomo. Akavuta kitambaa shingoni ili hewa ipite vizuri, akamtazama kaka yake, na akasema. Midomo tuliiona wote. *Nihalalishie, kaka.* Kilichotoka ni upepo tu, kwenye tundu, kama birika linaloanza kuchemka.

Kerim alisimama na kisu. "Sijasikia," alisema.

Şeyhmus akavuta pumzi, akasema tena. Shingo ilimtoka mishipa.

"Sijasikia," alisema Kerim. Akaigeukia foleni. "Nani anafuata? Nusu kilo?"

Hakuna aliyefuata. Tulitoka mmoja mmoja, duka likabaki na nyama yake. Hediye na mimi tulimbeba Şeyhmus hadi nyumbani, mtaa wa pili, na alikuwa mwepesi kuliko mkokoteni wake. Hakulia. Alifumba macho, na tangu siku hiyo hakuinuka tena kitandani.

Siku chache baadaye nilikuwa nafagia ukumbi, nikimtukana Kerim moyoni, neno kwa neno, kama mtu anayechambua mchele. Sijasikia, sijasikia. Nikafika kwenye kabati la gemu za zamani, na ufagio ukanianguka mkononi. Ndipo nilipoelewa ile "kaka" ilikuwa ya nani. Sote tulikuwa tumecheka.

Nilimpigia Sıtkı simu. "Acha abiria, njoo."

"Nina abiria, dada, tuko darajani."

"Mteremshe hapo hapo!"

Nikaenda kwa Kerim. Nyama ilikuwa imekwisha, alikuwa anasugua meza.

"Ulisema hujasikia," nilimwambia. "Njoo usikie."

"Zübeyde, sina muda wa vichekesho."

"Sauti ya ndugu yako ninayo mimi. Iko kwangu, chini, nzima, kabla ya kisu cha daktari. Aliyaweka maneno ya kukuomba humo wakati wewe unamnunia."

Alinitazama kama anayepima kichaa. "Umelewa?"

"Kwa haki ya kaburi la Veysi, Kerim, ukikataa, mimi ndiye sitakuhalalishia wewe. Na mimi nakuja kwenye mazishi yako, usidhani nitakosa."

Jina la Veysi halikuwa limetamkwa mbele yake tangu udongo ulipomfunika. Alivua aproni. Akanifuata, akishuka ngazi za ukumbi wangu kwa mara ya kwanza maishani mwake, ameinamisha kichwa asigonge dari, ananuka mafuta na moshi.

Sıtkı alikuwa ameshawasha. Kerim alikaa kwenye kiti cha plastiki, na kwenye skrini akaliona Tao. Lilikuwa zima, halina ufa, halina moshi wa magari, na juu yake maji yalikuwa yanapita. Alikuwa hajainua macho kulitazama kwa miaka yote ile, na sasa liko mbele yake, usawa wa pua.

"Upande wa Zeyrek ni upi?" aliuliza.

Sıtkı alionyesha. Halafu, maskini, kwa kutaka kufika upesi kwa muuza maji, akampandisha mtu wake ukutani pale pale. Vidole vilikuwa vimeshasahau gemu lile. Yule jasusi, naye kijana, alifika juu, akapiga hatua mbili kando ya maji, akakosea, akaanguka.

"Veysi!" Kerim aliita.

Skrini ikawa nyeusi. Kisha kijana alikuwa juu ya Tao tena, amesimama, upepo unapeperusha shati lake.

"Amefanya nini huyo?" Kerim alinong'ona. "Amefufuka?"

"Ni gemu, ami," Sıtkı alisema. "Ukianguka inakurudisha juu."

"Rudia."

Sıtkı alinigeukia.

"Rudia, nimesema."

Akamwangusha. Giza. Akasimama juu, mzima. "Tena," alisema Kerim. Akamwangusha tena. Niliwaletea chai, ikapoa. Kerim alikuwa ameegemea mbele, mikono imeshika magoti, na kila kijana aliposimama tena juu ya mawe alitoa pumzi fupi, ya mtu aliyepokewa mzigo. Machozi yalimshuka hadi kwenye masharubu naye hakuyafuta. Sikumzuia. Wewe ungemzuia? Lakini muda ulikuwa unakwenda, na si wetu. Mtaa wa pili, Hediye alikuwa anamdondoshea mumewe maji midomoni kwa kijiko.

"Kaka Kerim," nilisema mwisho. "Tumekuja kwa jambo jingine."

Aliitikia kwa kichwa. Sıtkı akamshusha mtu wake kwa ngazi, salama safari hii, akamtembeza chini ya matao. Na hapo tukaisikia.

"Majiii! Maji baridi, maji ya mlimani! Majiii!"

Kerim alishtuka akatazama mlangoni, kisha skrini. Ilikuwa asubuhi zetu zote za zamani ile sauti, ikapanda ukutani, ikarudi imenenepa. "Hiyo ni yake," alisema. "Şeyho." Jina la utotoni.

"Sasa mchome," nilimwambia Sıtkı. "Bila kumchoma hayasemi."

Sıtkı aliyemwua Şeyhmus labda mara mia, aliyemwua huku anakula biskuti, aliweka pedi ya kuchezea mapajani. "Siwezi," alisema. "Dada, mtu anakata roho kule nyumbani. Mimi siwezi."

"Nipe," alisema Kerim. "Batani ipi?"

Sıtkı alimwonyesha. Kile kidole kikubwa kilichokatakata nyama maisha yake yote kilibonyeza. Muuza maji alishika kifua, ndoo ikaanguka, akapiga magoti kwenye mawe yaliyolowa.

"Nihalalishie, kaka."

Kerim alibaki anautazama ule mwili. Gemu halikai na maiti sana, baada ya muda mfupi ulitoweka, na kule mwisho wa ukuta muuza maji akatokea tena na ndoo mpya: "Majiii!" Kerim alimtembeza mtu wake kwa shida, akigonga nguzo, akamfikia, akabonyeza.

"Nihalalishie, kaka."

Kerim aliweka pedi chini taratibu. Akasimama. "Nimesikia," alisema. "Twende. Nimwambie mwenyewe, masikio anayo bado."

Alitangulia. Mzee wa miaka sabini, alipanda ngazi zile mbili mbili. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango wa juu wakati kipaza sauti cha msikiti kilipokohoa, kisha ikaanza ile sala ya kutangaza msiba, ile ndefu inayovutwa, ambayo sote tukiisikia huacha tulichoshika ili tusikie jina. Alisubiri. Sote watatu tulisubiri pale ngazini. Likaja: Şeyhmus mwana wa Abdurrahman, mwenyeji wa Siirt, mnunua vikuukuu wa Soko la Wanawake, amerejea kwa Mola wake.

Kerim hakuanguka, hakupiga kelele. Aliketi kwenye ngazi, njiani kabisa, hata mtu asingeweza kupita.

Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu, na husema haraka ili waendelee na kazi zao. Kesho yake uani mwa msikiti imamu aliuliza, "Mnamhalalishia haki zenu?" Sisi wanawake tulikuwa nyuma. Soko zima lilijibu, "Halali yake," na sauti ya Kerim ilikuwa kubwa kuliko zote, ikapasuka mwishoni. Imamu aliuliza mara tatu, na mara tatu Kerim alipaza vile vile. Hediye aliinama akaniambia sikioni, "Sasa ndiyo anapiga kelele. Yule amezibwa pamba masikioni."

Baada ya siku za matanga kwisha, mchana mmoja, Kerim alishuka ukumbini peke yake. Alikuwa amebeba nyama imefungwa kwa mkate, akampa Sıtkı, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki. Sıtkı alifuta mikono, akaweka lile gemu, akampeleka mtu wake moja kwa moja hadi chini ya Tao, akasimama mbele ya muuza maji, kisu alani.

"Majiii!" aliita Şeyhmus. "Maji baridi, maji ya mlimani!"

Kerim alivua kofia. Akasogeza kiti hadi magoti yakagusa meza.

"Halali yako, Şeyho," aliiambia skrini. "Yote. Na ya Veysi. Halali yako kama maziwa ya mama yetu."

Muuza maji alihamisha ndoo kutoka mkono huu hadi ule. Akatazama upande mwingine. "Majiii!"

Kerim alingoja. Kisha alimgeukia Sıtkı.

"Amesikia?"

Sıtkı alinitazama mimi, nami nikatazama sakafu. Mkate ulikuwa bado mapajani mwake, haujaumwa.

"Hawa hawasikii, ami," alisema. "Wanasema tu."